Maswali ya wasomaji: watoto wengi, darasa ni sebuleni

Mwezi huu barua zimekuja nyingi juu ya kitu kimoja, kusomesha watoto nyumbani, na karibu zote zimetoka kwa familia kubwa za kanisa, Kisumu, Bungoma, Kakamega na hapa kwetu Nakuru. Mimi na baba watoto tuko na watoto tisa, tunakaa upande wa Njoro, na wote wanasomea hapa nyumbani, kwa hivyo nitajibu kama mtu ako ndani ya hiyo maisha. Barua zingine nimezifupisha. Majina nimeyatoa yote.

*

Shangazi, niko na watoto watano, tuko Mamboleo Kisumu, mkubwa ana miaka 11 na mdogo bado ananyonya. Tulianza kusomesha nyumbani Januari baada ya kuliombea sana hilo jambo. Shida ni siku haishikiki. Ikifika saa nne nishapiga kelele, mtoto analia, sufuria iko kwa moto na hesabu ziko pale pale zilikuwa jana. Nyinyi wenye watoto tisa mnaanzia wapi? – Mama wa watano, Kisumu

Mama, pole sana, na kwanza nakuomba uache kufuata saa ya shule. Shule iko na kengele juu mwalimu mmoja ako na watoto hamsini wa umri mmoja, sasa lazima kila kitu kiende kwa dakika, lakini wewe uko na watano wa umri tano na hakuna vile utawasukuma pamoja. Mtoto wa miaka saba akikaa na wewe bega kwa bega saa moja na nusu, kusoma na hesabu peke yake, huyo amesoma vizuri siku hiyo. Usimkalishe mpaka saa tisa ndio uone kama kuna shule.

Mimi sishiki saa, nashika mfuatano. Kitu gani kinafuata kitu gani. Wakubwa wanaamka saa kumi na moja na nusu, mmoja anakamua, mmoja anawasha moto wa uji, na ikifika kama saa moja tunakaa ibada wote, hata wa kunyonya. Tunasoma sura moja, tunaimba pambio moja, kila mtu anaombea kitu kimoja na sisi tunasema amina, hata yule mdogo akiombea paka tunasema amina. Baba ndiye anaongoza, akiwa safari kijana wetu mkubwa anasoma. Hatuzidishi dakika ishirini manake mtoto wa miaka miwili akikalishwa saa nzima kwa maombi atakua akijua maombi ni adhabu. Alafu uji, alafu vyombo, alafu meza inapanguswa na hapo watoto wanajua vitabu vinakuja bila mimi kuita mtu.

Sasa hapa ndio nataka unisikize. Wazazi wengi wanaanza na mkubwa juu mkubwa ako na mtihani, wadogo wanaambiwa wangojee. Mdogo hangojei. Atakuvuta nguo asubuhi yote, atamwaga maji, atapanda meza, na wewe utakuwa unafundisha fraksheni ukiangalia mlango. Anza na mdogo kabisa. Mpe nusu saa yako yote bila simu, kitabu cha picha, kuhesabu maharagwe, wimbo, akishiba wewe ataenda kucheza mwenyewe. Alafu wanaojifunza kusoma, alafu wa hesabu. Mkubwa wako wa miaka 11 anaweza kuanza peke yake na kazi ya kuandika au kusoma sayansi, na akikwama asikimbie kwako kila mara, aandike swali kwa karatasi aendelee na inayofuata, wewe utakuja kwake na hayo maswali yote mara moja.

Huyo wa kunyonya ndiye ratiba yako kwa sasa, usishindane naye. Masomo ya mdomo yaweke wakati ananyonya, hesabu za kichwa, mtoto mwingine kukusomea kwa sauti, kukariri. Masomo ya kushika kalamu na kuonyesha yaweke akilala.

Wa kujifunza kusoma waanzie Kiswahili hata kama vitabu vyenu ni vya Kizungu. Kiswahili kinasomeka vile kimeandikwa, ba be bi bo bu haibadiliki leo na kesho, mtoto akishashika silabi na akajua ng' na ny na sh na dh anaweza kusoma gazeti zima hata kama haelewi kila kitu. Hapo anapata ile furaha ya kusoma mapema, na akienda kwa Kizungu ambapo herufi moja inasema vitu vitatu, anakuwa hana woga.

Mchana baada ya chakula nyumba inanyamaza saa nzima. Anayelala analala, asiyelala ako na kitabu kitandani, hakuna kuongea. Na wewe mama lala. Usifue, usipike, lala, manake uko na kichanga na unafundisha na jioni iko mbele. Baada ya hapo ni kazi za mikono na kucheza, shamba, kufua, baiskeli, kushona. Ijumaa sisi hatufungui hesabu kabisa, ni usafi, maktaba na soko.

Kuhusu kelele, ukiona sauti imepanda mara ya pili, funga vitabu, toa watoto wote nje wakimbie, kunywa maji. Hesabu za ukurasa ule ule zitangoja, hakuna mtu anazikimbiza.

*

Shangazi tuko watu kumi kwa nyumba na pesa ya chakula inaisha kabla ya tarehe 20. Tangu watoto waanze kusomea nyumbani imekuwa mbaya zaidi. – Baba wa wanane, Molo

Kaka, imekuwa mbaya zaidi juu ile lunchi walikuwa wanakula shule sasa ni yako, na saa nne pia wanataka kitu. Ukipiga hesabu ya karo umeokoa, piga na hiyo.

Familia kama zetu haziwezi kununua unga wa pakiti kila siku na zitoboe. Nunua mahindi gunia wakati wa mavuno, huku kwetu ni kuanzia Oktoba hadi Desemba hivi, bei ikiwa chini, na usage posho mill. Lakini usiweke mahindi mabichi kwa stoo, yataota kuvu na hiyo kuvu ni sumu, aflatoksini, haiishi hata ukipika. Mahindi ya kuhifadhi yanafaa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna mashine ya kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa kisha uache itulie. Chumvi ikishika kwa glasi, rudisha mahindi juani. Hiyo pia wape watoto kama somo la sayansi, wataikumbuka.

Maharagwe loweka usiku umwage yale maji, yataiva haraka na gesi au makaa hayataisha. Githeri mara tatu kwa wiki, viazi uko navyo hapo Molo, omena wakati huna pesa ya nyama, ni protini na kalsiamu ya kutosha. Na mtoto wa miaka 10 anaweza kusonga ugali ya familia, wavulana pia.

Kitu kingine ambacho watu wa Nakuru husahau, maji. Watoto wakiwa nyumbani kutwa wanakunywa maji ya hapo tu, na visima vyetu vingi vya Bonde la Ufa viko na floraidi nyingi, ndio maana unaona watu wetu wana meno ya kahawia. Haiishi ukichemsha. Mtoto anaharibika meno wakati yanaumbika bado, kabla ya miaka minane hivi, kwa hivyo maji ya mvua yaweke kando yawe ya kunywa na kupikia ya hao wadogo, ya kisima yafue nguo.

*

Shangazi, pasta wetu anasema serikali haina haki kuingilia mzazi anasomesha watoto wake, chifu naye ameniambia nitashikwa. Nani anasema ukweli? Na mtihani watafanyia wapi? Mkubwa wangu ni wa gredi 8. – Baba, Bungoma

Kaka, nitakuambia vile iko hata kama haifurahishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, na kutofanya hivyo ni kosa. Kusomesha nyumbani hakujapewa njia yake wazi kwa hiyo sheria. Kuna wazazi wameshawahi kushikwa na kupelekwa kortini humu nchini. Upande wetu tunashika kifungu cha 32 cha uhuru wa dhamiri na dini, na mimi naamini kabisa Mungu amempa mzazi hii kazi, iko Kumbukumbu la Torati sura ya 6, lakini kuamini si kinga ya polisi. Kwa hivyo chifu wako hajakudanganya. Pasta ni wa kukuombea na kukufundisha neno, mambo ya sheria muulize wakili, na umuulize kabla hujaitwa.

Wengi tunaowajua wameandikisha watoto kwa shule au kituo kilichosajiliwa kinachokubali mtoto asomee nyumbani kwa sehemu kubwa na kuja kupimwa. Tafuta kama hicho karibu nawe. Weka vyeti vya kuzaliwa, weka vitabu vya mazoezi vya kila mwaka usichome, weka daftari ya nini kimesomwa wiki gani. Alafu mwite huyo chifu chai. Ndio, mwite nyumbani, akae, aone meza, aone vitabu, asikie mtoto akisoma. Familia zinazofunga geti ndizo zinazoshukiwa, na kusema ukweli saa zingine zinashukiwa kwa haki, manake kuna watu wanasema wanasomesha nyumbani na kumbe watoto wanachunga ng'ombe tu.

Mtihani sasa. Huyu wa gredi 8 ndiye wa kuharakishia. Kwa mtaala wa CBC, huu wa umilisi ambao siku hizi unaitwa CBE, alama za kwenda senior, yaani sekondari ya juu, zinajumlishwa hivi: KPSEA, mtihani wa gredi 6, asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa gredi 9, asilimia 60. Wa kwanza walifanya hiyo KJSEA mwaka 2025. Unaona shida? Mtoto aliyekaa nyumbani bila kuandikishwa popote akija kutokea gredi 9 ako tayari amepoteza zile alama za nyuma, na bila namba ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, hata hawezi kuingia kwa chumba cha mtihani. Kwa hivyo hii wiki, si muhula ujao, tembea shule mbili tatu uliza nani atampokea na tathmini zake za gredi 8 zifanywe.

Kuna wazazi wa kanisa wanatumia ACE, mtaala wa Kikristo, ile ya vijitabu vya PACE, kumi na mbili kwa kila somo kwa mwaka, mtoto anajisahihisha mwenyewe na lazima apate kama asilimia 80 ndio aende kijitabu kinachofuata. Ni nzuri kwa nyumba ya watoto wengi juu kila mmoja anaenda kwa mwendo wake. Wengine wanaenda mtaala wa Uingereza, IGCSE ya Cambridge, na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi kwa kituo kilichoidhinishwa. Lakini hizi zote ni pesa, kila somo linalipiwa, na cheti cha nje kitahitaji kulinganishwa na KCSE kabla ya chuo za hapa. Piga hesabu ya watoto wako wote mpaka yule wa mwisho kabla hujaanza na wa kwanza, manake kuna nyumba zimesomesha watatu vizuri na wa nne akakosa.

*

Mimi ni shosho, nakaa Free Area hapa Nakuru. Mwanangu na mke wake wako na watoto saba na hawajapeleka hata mmoja shule, ati wanawafundisha neno nyumbani. Nikiwatembelea wanajificha nyuma ya mama yao. Nikiongea naambiwa sijaokoka vizuri. Nifanye nini na wajukuu wangu? – Shosho

Shosho wangu, nakusalimia kwa heshima zote, na uchungu wako nimeuskia. Wewe kuulizia wajukuu wako si kupinga Mungu. Waliokuambia hivyo wamekukosea na natumaini watasoma hapa.

Usiende na maneno ya shule kwanza, hiyo mlango itafungwa. Omba kazi. Waambie, nipeni watoto Alhamisi mchana niwafundishe lugha yetu, niwafundishe kupanda mboga, niwaambie babu yao alitoka wapi. Hiyo ni masomo na ni masomo hakuna kitabu kinauza. Mtoto wa miaka tisa akishakaa na wewe mchana mara kadhaa utajua mwenyewe kama anasoma au hasomi. Mpe Biblia ile ile akusomee mstari juu macho yako yamechoka. Kama ana miaka tisa au kumi na hawezi kusoma mstari, hapo ongea na mwanao wazi, mkiwa wawili, bila mkewe kuaibishwa. Kujificha nyuma ya mama kwa mtoto wa miaka mitatu ni kawaida. Kwa wa miaka kumi na miwili si kawaida.

Na nyinyi wazazi wa hawa watoto, toeni watoto. Tuko na bahati Nakuru, Hyrax Hill iko hapo tu barabara ya Nairobi, mahali mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kutambua mwaka 1926 kwamba watu wa kale waliishi, kuna mashimo ya bao yamechongwa kwa jiwe watoto wanaweza kuyashika kwa mkono. Menengai iko hapo juu, mita 2,278 ukingoni, mwambie mtoto wa gredi 6 asimame pale na uone kama atasahau volkano. Wa Kisumu wako na mawe ya Kit Mikayi na mstari wa ikweta Maseno. Lakini hata bila kutoka mbali, mpira na majirani jioni, kutumwa dukani peke yake, kusalimia wazee kanisani, kwaya. Ndugu saba si dunia. Mtoto lazima apatane na mtu asiyemfanana, asiyeomba vile anaomba, na ajue kumpenda. Nyumba ya Mungu haikuwa na geti la kuzuia majirani.

*

Shangazi hii barua nimeandika usiku wengine wamelala. Niko na miaka 15, ni kifungua mimba wa watoto tisa, tuko Kakamega. Tunasomea nyumbani tangu nikiwa gredi 4. Naamka saa kumi na moja, nachota maji, napika uji, naosha wadogo, nafundisha watatu kusoma, nafua nepi. Mama anajifungua tena mwezi ujao. Vitabu vyangu nafungua usiku na macho yanafunga, hesabu nimekwama mwaka mzima sasa. Nataka kuwa nesi. Nikisema nimechoka naambiwa sina moyo wa utumishi na nasomewa ile aya ya kutii wazazi. Kaka yangu wa miaka 14 hafui hata soksi zake, anaambiwa asome juu atakuwa mhubiri. Nampenda Mungu na nampenda mama yangu. Je nakosea? – Kifungua mimba

Hapana binti yangu. Hukosei, na nataka hilo neno ulishike kabla ya lingine lolote. Kuchoka si dhambi na kusema umechoka si uasi.

Barua yako nimeisoma na nikaipeleka kwa baba watoto akaisoma na yeye, na tukaita binti yetu mkubwa tukamuuliza siku yake inaendaje, manake hii hatari iko kwa kila nyumba ya watoto wengi, hata ile inapendana, hata ile inaomba. Mama anazidiwa, msichana mkubwa ni mzuri na mwepesi, anasaidia leo, kesho anategemewa, baada ya miaka miwili amekuwa mama wa pili na hakuna mtu aliketi akaamua hivyo.

Fanya hivi. Chukua karatasi, andika siku yako moja kutoka kuamka mpaka kulala, saa kwa saa, bila lawama, kazi tu. Kisha chagua jioni mama ameketi, ikiwezekana baba ako pia, uwape karatasi na useme, nataka kusoma hesabu asubuhi nikiwa na akili, naomba masaa mawili baada ya ibada, kazi zingine nitafanya kwa moyo. Omba kitu kimoja hicho. Ukiomba kumi utapata hakuna. Ukiogopa kuongea, wape hili gazeti lifunguke hapa. Na kama hawatasikia, mwendee kukhu wako, yaani nyanya yako, au shangazi wako wa damu, mwanamke mkubwa mnayeheshimiana, akuongelee. Kama kuna kupigwa au kufungiwa ambako hujaandika, piga 116, ni simu ya watoto na haina malipo.

Kuhusu unesi, hiyo ni sayansi na hesabu, na senior inaanza gredi 10 na njia tatu, wewe unataka ile ya STEM, ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Mwaka mmoja wa kukwama kwa hesabu unaweza kurudishwa, nimeona ukirudishwa, lakini si usiku na macho yanafunga.

Sasa naongea na mama yake na baba yake.

Mama, najua mwezi wa mwisho ulivyo, miguu imevimba na nyumba haingoji. Sikuhukumu. Lakini mtoto unayezaa ni wako na wa bwana yako, binti hakuzaa mtu. Kusaidia ni haki, sisi sote tulilea ndugu zetu mgongoni, na msichana kumfundisha mdogo wake silabi nusu saa kwa siku ni kitu kizuri kwa wote wawili. Kumkabidhi watoto watatu wa kusomesha na nepi na maji na uji ni kumchukulia ujana wake na masomo yake, na tena mlimtoa shule mkisema nyumbani atasoma vizuri zaidi. Hilo neno mlimwahidi.

Na hiyo aya ya kutii wazazi, Waefeso 6, msisimame kwa mstari wa kwanza, endeleeni mpaka wa nne ambapo akina baba wanaambiwa wasiwachokoze watoto wao. Mmemsomea nusu.

Kazi za nyumba gaweni kwa umri, si kwa mvulana na msichana. Kijana wa miaka 14 anaweza kuchota maji yote ya nyumba, anaweza kufua nepi, anaweza kupika uji. Akiitwa kuhubiri baadaye mzuri, mhubiri aliyewahi kufua nepi atahubiri vizuri zaidi kwa akina mama. Wa miaka 10 na 8 waoshe vyombo na wavalishe wadogo. Mtoto wa miaka sita anaweza kufagia, hata kama hafagii vizuri muache afagie.

Mtoto akizaliwa msisomeshe. Fungeni vitabu vya wadogo wiki sita, wasikilize hadithi, wacheze, hawatapoteza kitu, na waambieni akina mama wa kanisa mapema wagawane siku za kuleta chakula na kufua. Kanisa linalosifu familia kubwa lije na ndoo. Kama mnaweza kulipa msichana wa kazi kwa hiyo miezi miwili, mlipeni kwanza kabla ya kununua kitu kingine chochote cha mtoto.

Mtafutieni huyu binti mwalimu wa hesabu, hata mara mbili kwa wiki, hata mwanafunzi wa chuo aliye likizo. Na kama mkikaa mkapima mkaona ukweli ni kwamba kwa nyumba yenu, na kichanga na wote hawa, hamwezi kumpa masaa mawili ya asubuhi, basi mpelekeni shule ya kutwa muhula ujao. Nasema hivi mimi ninayesomesha tisa nyumbani na ninayeamini hii njia. Tulichukua hii kazi kwa sababu ya watoto, na mtoto wa kwanza ni mtoto pia.

Baba, hayo masaa mawili ni wewe utayalinda. Mama akiwa na kichanga atamwita binti tu, si kwa ubaya, ni mikono imejaa. Kwa hivyo baada ya ibada wewe ndiye utakaa na wadogo na uji, na ukienda kazini mapema basi ibada isogezwe saa kumi na moja na nusu uwe umewahi, na huyo kijana wa 14 abaki zamu mpaka dada yake amalize.